Moto wa Zaina na taa yako

Mjukuu wangu Salim,

Shikamoo yako imenifikia huku Muyeye, marahaba. Mamako hajambo, na paka wako amezalia kabatini.

Nasikia kila Ijumaa unakula vibibi, vile vikate vya mchele na nazi, huko Kilifi kwa wifi yangu Zaina. Haya. Hata babu yako, nilipoolewa, alivisifu vya dadake mbele yangu, vyangu vikiwa vimeungua chini na vibichi juu. Nikaenda jikoni kwake, nikajifanya naazima mbuzi ya nazi, kumbe namtazama mkono. Mimi nilikuwa nikipepea makaa mpaka nichoke, kisha nayaacha yafifie. Yeye alipepea kidogo, akaacha kidogo, upesi upesi, kikaango kisijue lini amepumzika. Akitaka moto zaidi, alizidisha kupepea na kupunguza kupumzika.

Unasema kijikompyuta chako kinajua kuwasha na kuzima tu, na taa uliyoipunguza mwanga inachezacheza machoni. Basi, kuwaka na kuzimika kugawane muda vile vile ulivyopanga, ila fupisha kila mzunguko, jicho lisipate nafasi ya kuliona giza.

Jibu limetoka mkononi mwa Zaina, najua. Lakini taa ikitulia, niambie mimi kabla ya Ijumaa.

Nyanyako,
Mwanakombo