Tisheti Nyeusi za Yaya Jephté

Mapendo, Jumatano

Yaya Jephté, kaka yangu mkubwa, popote ulipo,

Mguu wa mama umepona, na mutoto wako Bénie ameota meno mawili. Mimi bado natayarisha nguo za kuchapishwa kwenye karakana ya Papa Sikuli: nazipulizia dawa ya kushikisha wino, nazikausha kwa presi ya moto, ndipo mashine inaweka picha.

Jana papa yetu alileta picha yako ya harusi. Anataka tisheti nyeusi arobaini za matanga. Miezi saba bila habari inatosha, anasema. Jumamosi tunakulilia.

Nilimuuliza, “Papa, nani amemuona mutu mwenyewe amekufa?”

“Wewe pulizia dawa.”

Nimepulizia. Lakini nimeizimua kwa maji, na bila dawa kali wino mweupe haushiki kwenye pamba nyeusi. Jumamosi watakuona vizuri. Wakizifua mara moja tu, uso wako unafutika. Papa Sikuli akijua, atanifukuza.

Barua hii nampa mama muuza makaa wa Lac Vert, kule ulikoonekana mwisho. Kama uko hai, njoo mbele ya Jumamosi. Kama hauko, yaya, nisamehe: nitakuwa nimekufuta mimi.

Ni mimi, Kanyere. Tisheti yangu sijaichapisha.