Kilumi Mbele ya Mama
Jumamosi, Agosti 2007

Ukungu haujatoka milimani tangu asubuhi, na vidole vyangu ni baridi hata nikishika kikombe cha chai.

Naogopa.

Kesho naimba jukwaani kwa mara ya kwanza, hapa Machakos mjini, na mama atakuja na wenzake wa kwaya. Wiki nzima nimelala vibaya kwa sababu hajui nitaimba nini.

Gitaa nilijifunza kanisani. Mama ndiye mwalimu wa kwaya, kwa hiyo kila mtu alidhani nitaimba injili na mambo yaishie hapo. Lakini likizo nilipelekwa Wamunyu kwa susu, nyanya yangu, na susu alikuwa mchezaji wa kilumi, ile ngoma ya akina mama wazee ya kuomba mvua na kutuliza pepo. Jioni alinipigia mdundo wake juu ya mtungi wa maji. Nilirudi nyumbani nao kichwani, nikaanza kuutafuta kwenye nyuzi. Nyimbo zangu zilianzia hapo: maneno ya mapenzi, gitaa jepesi, na chini yake kilumi. Mtangazaji mmoja wa redio aliniuliza, "Sasa hii tuiite nini? Si benga, si gospel." Nilicheka tu. Hata mimi sijui.

Kanisani kwetu kilumi hakitajwi. Mama alipookoka alikiacha kabisa, na susu akija kututembelea hathubutu hata kukigonga kwa vidole mezani.

Leo mchana nilijua mama ameenda kufagia kanisa. Nikamwita Mutua, rafiki yangu anayenipigia ngoma, tukafanya mazoezi sebuleni. Katikati ya wimbo niliinua macho, nikamwona mama mlangoni. Amefumba macho. Mabega yake yanatikisika, kwanza polepole, kisha sawasawa na ngoma.

Mutua alimwona pia, akaingiwa na hofu, akaacha kupiga.

Hilo ndilo kosa. Susu alinionya zamani kwamba mtu akishaingia kwenye kilumi, ngoma haikatwi ghafla. Mama alifumbua macho akatutazama kana kwamba hajawahi kutuona. Kisha akaketi sakafuni, anatetemeka mwili mzima. Nilimshika mikono, nikalia kama mtoto.

Alipotulia aliniuliza, "Ni nani alikufunza hiyo?"

"Ni susu."

Aliinuka sakafuni. "Mueni, kesho usiimbe hiyo nikiwa hapo. Sio mambo ya kanisa. Mimi sitaweza kujizuia."

Wiki nzima niliogopa kwamba mama atasimama aondoke. Haikuniingia akilini kwamba anaweza kusimama acheze, mbele ya wanawake anaowafundisha nyimbo za Bwana. Watamvua uongozi. Na nikiutoa mdundo, nabaki na nini? Gitaa na maneno matamu, kama watu wengine wote. Sina wimbo hata mmoja usio na kilumi ndani. Nimezipitia zote jioni hii, hakuna.

Nimemwendea jikoni sasa hivi. Nikamwambia, "Mama, si ubaki tu nyumbani kesho? Sitaudhika, haki."

Hakugeuka. Aliendelea kuchambua maharagwe.

"Inaanza saa ngapi?" akauliza.

"Saa tisa."

"Niwekee kiti cha mbele."