Skrini Pana Kuliko Zote

Ijumaa, 7 Februari

Nimemgonga tena. Kona ya tatu, upande wa kulia — na aliyegongwa ni Anouar, nahodha wetu mwenyewe! Alikuwa sambamba nami tangu mwanzo wa ile barabara iliyonyooka. Mimi nikakata kona kana kwamba niko peke yangu. Sikumwona. Naapa sikumwona.

Angenitukana ningepumua. Alisema kwa upole tu. "Kaka Jilali, kunigonga mimi si tatizo. Lakini mbio za mwezi wa tatu ni za saa sita, na pale kuna watu wa Tunis na Oran. Ukimgonga mmoja wao tunafukuzwa timu nzima." Kanipa mpaka Jumapili ya wiki ijayo. Nikigonga tena siku hiyo, kiti changu anapewa binamu yake wa Meknes.

Timu hii ya mbio za magari za mtandaoni tumeianza mwaka wa korona. Hatujawahi kukaa meza moja, lakini wananijua kuliko majirani zangu wa hapa mtaani Maarif. Nikiwatoa hao, nina nini? Kuendesha basi la shule asubuhi, basi la shule alasiri. Na kwenye basi sijawahi kukwaruza hata kioo cha pembeni, miaka yote hii! Kwa hiyo si mimi. Ni skrini. Inchi thelathini na mbili haionyeshi pembeni.

Mke wangu Saadia kaniuliza mbona sijamaliza kuskusi. Nimemwambia skrini. Kashika kichwa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeshinda soko la Derb Ghallef tangu maduka yanafunguliwa. Miguu inawaka moto. Kila muuzaji na imani yake. Wa kwanza: skrini tatu, mengine yote ni utoto. Wa pili: skrini tatu zina fremu, na gari la mwenzio litajificha nyuma ya fremu. Wa tatu hajali ukubwa, anataka kasi ya picha tu, kanionyesha samaki wanaoogelea mpaka nikapata kizunguzungu.

Nikaishia kama kawaida kwa Bwana Bouazza, au Si Bouazza kama tunavyoitana hapa. Ndiye aliyeniuzia ile ya ishirini na saba, ndiye aliyeniuzia ya thelathini na mbili. Akacheka aliponiona. "Si Jilali, wewe hununui skrini, unapanda ngazi." Akanikalisha, akanimiminia chai ya nanaa, akawasha ile pana iliyopinda, inchi arobaini na tisa. Inakukumbatia! Bei ikanishinda, nikaondoka, akaniita. Nikaondoka tena, akaniita tena. Nimeichukua.

Saadia kaitazama kama mgeni aliyefika na mabegi mengi.

Jumapili, 9 Februari

Mbovu. Katikati safi, pembeni giza, kulia zaidi. Nimepandisha mwanga mpaka mwisho. Nimebadilisha waya. Nimeizima na kuiwasha tangu asubuhi. Giza lile lile.

Hata ile ya thelathini na mbili ilianza hivi hivi, pembeni. Na ya ishirini na saba. Wanatuletea mitumba ya Ulaya iliyochoka halafu wanatuita wateja wapendwa.

Kwenye mazoezi nimemgonga mtu wa Oran. Kaandika neno moja tu: kipofu.

Jumanne, 11 Februari

Nimeirudisha baada ya zamu ya alasiri. Sijui niandike vipi.

Si Bouazza hakubishana. Kaichomeka, kaijaza nyeupe tupu, akafanya wanavyofanya pale mnunuzi na muuzaji wasipoelewana: akaita majirani. Kila mmoja anatazama na kusema anachokiona, na wenye ugomvi mnakubali. Akaja fundi simu wa mlango wa pili. Akaja muuza nyaya. Akasogea na mama mmoja aliyefuata chaja.

"Nyeupe," kasema fundi.

"Nyeupe kote," kasema muuza nyaya.

"Nyeupe, mwanangu, kama maziwa," kasema yule mama. "Unaona nini wewe?"

Mimi nimekaa mbele yao, na kona zote nyeusi.

Si Bouazza akaacha kucheka. Akasimama nyuma yangu, akaniambia nitazame mbele na niseme nikiona kidole chake. Alikuwa anakileta polepole kutoka kwenye sikio. Nikangoja. Nikadhani hajaanza. Niliposema "sasa", kidole kilikuwa karibu na pua yangu. Muuza nyaya alitazama chini.

"Skrini nitaipokea, hilo si neno," kaniambia kwa sauti ya chini. "Nenda kwa daktari wa macho, ndugu yangu. Usipite nyumbani."

Nimepita nyumbani. Nimelala na viatu.

Jumatano, 12 Februari

Leo nimemsikia Lalla Zhor, msaidizi wangu wa basi. "Kulia pikipiki, Si Jilali." "Kushoto mkokoteni." "Subiri, kuna mtoto." Anasema hivyo njia nzima. Tangu lini? Nilikuwa nadhani anapenda kuongea.

Alhamisi, 13 Februari

Daktari ni binti mdogo, mpole. Kaniingiza uso kwenye mashine yenye bakuli jeupe, nibonyeze kitufe kila nikiona nukta ya mwanga. Nilidhani nafanya vizuri. Vitufe ndiyo kazi yangu!

Kanionyesha karatasi. Tundu jeupe katikati, kuzunguka kote kweusi. Presha ya macho. Imekula kimya kimya, bila maumivu, na ubongo ukawa unajaza pengo. Matone kila jioni yatalinda kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi. Kalirudia hilo mara mbili, maana nilikuwa natabasamu.

Kauliza kazi yangu. Nimesema nina duka.

Saadia nimemwambia ni matone tu. Kashukuru Mungu. Kafurahi jamani, kapika na tajini.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeendesha basi. Mungu nisamehe.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekwenda kwa Si Bouazza kumwomba skrini ndogo kuliko zote. Kanitazama. Kaingia ndani, katoka na skrini iliyokuwa kwenye kaunta ya duka la dawa. Kaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake.

"Hii si ya mbio."

"Najua."

Hakuniita mara ya pili kuhusu bei, maana hatukutaja bei. Kanishika bega mpaka barabarani.

Jumapili, 16 Februari

Nimeisogeza mbali, mwisho wa meza. Kwenye mchezo nimepanua pembe ya kuona mpaka mwisho, ule upana ambao siku zote tunawacheka wanaoutumia. Barabara nzima, vioo, majirani wa kulia na kushoto, vyote vimebanwa mle ndani ya lile tundu langu. Magari madogo kama dengu. Lakini yote nayaona.

Sikugusa mtu. Mizunguko yote, watu wawili ubavuni, sikugusa mtu!

"Jilali karudi!" Anouar kapiga kelele mpaka hedifoni ikakwaruza. Wengine nao: umenunua ipi, sema na sisi tununue. Nimewaambia pana kuliko zote. Wameamini. Kiti ni changu.

Nimevua hedifoni, nikalia ndani ya taulo Saadia asisikie. Nimepata nilichokitaka na sina raha. Sina raha hata kidogo.

Jumatatu, 17 Februari

Naandika juu ya usukani. Basi limesimama, injini nimezima.

Kituo cha pili. Ritaj wa darasa la kwanza alikuwa anavuka mbele yangu kutoka kulia. Lalla Zhor alipiga yowe, hakusema "kulia" wala "subiri", yowe tu. Nikakanyaga breki. Ndipo nikamwona mtoto, katikati ya kioo, kasimama na begi lake. Kapanda. Kanisalimu kama kila siku, "Sabahu lheri, ammi Jilali", kaenda kukaa nyuma.

Kioo cha basi hakisogezwi mbali. Hakipunguzwi.

Mwandiko huu mwenyewe siusomi. Nyuma wanaimba. Magari yanapiga honi, nayasikia yakipita pande zote mbili na siyaoni.

Lalla Zhor kachukua simu. Anasema lazima tupige shuleni, tumechelewa. Kauliza kama awaambie gari limeharibika. Kakaa kwenye ngazi, uso wake mbele ya uso wangu, pale ninapoona.

"Si Jilali," kasema taratibu, watoto wasisikie. "Niwaambie ni gari, au niwaambie ni wewe?"

Simu inaita. Wamepokea. Mwalimu anasema haloo, haloo, na Lalla Zhor ananitazama. Naweka kalamu, nanyosha mkono nipewe simu.