Mama Mkwe na Namba 73939133

Jumanne, Kabiria

Neno lenyewe lilinitoka kabla sijafikiri.

Mama mkwe yuko kwetu tangu Ijumaa, ametoka Mombasa, nami nimekuwa nikingoja tu aulize habari za mtoto. Miaka minne ya ndoa na Salim! Jioni alinikuta mezani natayarisha somo la hesabu la kesho.

"Hiyo namba ndefu ya nini?"

Nikamweleza kwamba 73939133 haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukifuta tarakimu ya mwisho, inayobaki pia haigawanyiki. Unaendelea kufuta hivyo hivyo mpaka inabaki saba peke yake, na hata hiyo haigawanyiki.

"Kwa Kiswahili zaitwaje namba hizo?"

"Namba tasa, Mama."

Uso ukaniwaka moto.

Akachukua kalamu yangu, akaanza kuzikata tarakimu mwenyewe, moja baada ya nyingine, kutoka mwisho. Kisha akacheka kwa sauti.

"Yakatwa na yakatwa, na bado yasimama! Aliyeiita tasa hakuitazama vizuri, mwanangu."

Halafu akanishika mkono. "Salim keshaniambia una miadi na daktari huko Westlands Alhamisi. Sikuja kukuuliza kitu. Nimekuja nifuatane nawe."

Nililia kidogo, nikacheka zaidi.

Majibu bado nayaogopa, sitajidanganya. Lakini nitakuwa na mtu wa kukaa naye kwenye benchi, na ameshaapa kwamba tukimalizana na daktari hatoki Westlands bila kula aiskrimu.