Kiti Kisicho na Mishikio

Viwanja Sitini,
Ifakara.
9 Novemba 2024

Mpendwa binamu Maximilian,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua huko Kanada hakuna wa kukuitikia, basi itikia mwenyewe kimoyomoyo, halafu uniambie hali yako. Mgongo unaendeleaje? Na ile baridi uliyosema inaganda mpaka kwenye ndevu, imeshaanza? Sisi huku ni wazima. Eveline mzima, watoto wazima, na mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu anayekaa kutwa nzima. Joto limekuwa la kukaangia samaki bila moto, na mawingu yamejikusanya milimani siku kadhaa sasa yakitutania tu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati juzi tumezungumza kwenye simu. Kwenye simu wewe huniachi nimalize, na mimi nikisikia umenyamaza naingiza utani. Karatasi haimkatizi mtu. Kuna jambo la mazishi ya mama yako ambalo hukuambiwa lote, na anayepaswa kulisema ni mimi.

Siku aliyofariki shangazi ulinipigia ukasema karatasi zako za ukaazi hazikuruhusu kusafiri, kwa hiyo nikakutupie udongo kaburini na kulitaja jina lako kwa sauti. Nikakubali. Binamu, siku ile udongo wako haukutupwa.

Mdogo wako Fridolin alikwambia mambo yalikwenda vizuri. Hakudanganya. Mambo yalikwenda, mimi ndiye sikufika.

Ilikuwa Aprili, na wewe unaijua Mchombe ya Aprili. Kutoka barabara kuu mpaka nyumbani kwenu kulikuwa maji matupu, hujui jaruba ni lipi wala njia ni ipi. Pawatila ya jirani, ile trekta ndogo ya kulimia mpunga, ilikuwa imezama tangu asubuhi, imebaki kichwa nje kama kiboko. Vijana wakalibeba jeneza begani, maji kiunoni, wakavuka nalo wakiimba. Kisha wakarudi kunichukua mimi, mtu wa kiti cha magurudumu. Zamani, unakumbuka, Fridolin peke yake alikuwa ananibeba mgongoni kama mtoto wa kuachishwa ziwa. Safari hii alichuchumaa, nikamkumbatia shingo, akanyanyuka nusu, tukakaa wote wawili kwenye tope. Wakaleta ngazi wanilaze juu yake. Ikalia, ikakatika. Fridolin akajifuta uso akaniambia, “Kaka Teo, marehemu amevuka bila kutusumbua. Wewe uliye hai ndiye umetushinda.”

Vijana wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Ndivyo nilivyo, unanijua. Halafu nikawafukuza waende, maana mama ni wao na kaburi lilikuwa linasubiri. Nikabaki kando ya barabara chini ya mwavuli wa muuza vocha, nasikia nyimbo zinatoka ng'ambo ya maji. Baadaye Fridolin akanisimulia kwamba katekista alipoliita jina lako, watu walipisha nafasi kando ya kaburi. Yeye alikuwa anatazama njiani, akidhani labda nimepata namna nyingine ya kuvuka. Hakuutupa udongo wako kwa sababu ulikuwa kazi yangu. Wakangoja kidogo, wakafukia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mama yako asingeniachia niwe mzito hivyo. Nilipoanguka kutoka juu ya lori la mpunga, na hospitali wakaniambia miguu basi tena, ndiye aliyenichukua kwake. Ukoo mzima ulimwita mkatili. Akiniwekea ugali, aliuweka upande wa pili wa ua, niufuate mwenyewe. Akianika mpunga kwenye turubai, ananipa reki na kuniambia niuzunguke, niugeuze, nifukuze na kuku. Mtu akishika kiti changu kunisukuma, anapigwa kofi mkononi. “Miguu ndiyo imelala,” anasema. “Mikono nani kaiambia ilale?” Wewe ulikuwa unanicheka ukiwa umekaa kwenye mkeka na sahani yako mapajani. Nilikuwa nakuonea wivu, mvivu mkubwa wewe. Lakini mabega yangu ya wakati ule yalikuwa mabega kweli. Naingia kitandani mwenyewe, natoka mwenyewe.

Kisha nikaoa, nikahamia mjini, nikafungua kibanda cha kutengeneza simu na redio. Nikakutana na upendo wa watu wa Ifakara, na upendo wa watu wa Ifakara una mafuta mengi. Watoto wanagombania kunisukuma. Jirani akiniona nainua mkono kushika gurudumu anakuja mbio, “Acha, acha, tupo.” Mteja akileta simu iliyoingia maji, analeta na chapati mbili. Eveline ananipakulia wali mlima, na mimi si mtu wa kuudharau mlima. Ningekataa ningeonekana nina maringo, na kusema kweli sikuwa hata nataka kukataa. Tumbo likaja mbele, mikono ikalala kama miguu. Mwishowe Eveline akawa ndiye ananihamisha kitandani, mpaka kiuno chake kikaanza kumsumbua. Hakuwahi kulalamika. Anajipaka tu dawa ya kuchua akidhani sisikii harufu yake.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi hospitalini. Kijana mpole, ananiita mzee huku ananiadhibu. Akataka kujua uzito wangu, lakini mizani yao ni ya kusimama. Basi nikaenda kwa Mudathiri, mwenye mashine ya kukobolea mpunga pale sokoni. Akaamuru nipandishwe na kiti changu kwenye mizani ya magunia, kisha kiti kikapimwa peke yake. Wapagazi wote wakaacha kazi kutazama. Mudathiri akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. “Mwalimu,” akasema, sijui kwa nini ananiita mwalimu, “hili si gunia. Hii ni lumbesa, na serikali imeshakataza.”

Tangu hapo wapagazi wananiita Lumbesa, kama gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Hata mtoto wa jirani aliyejifunza kuongea juzi.

Nilipotoka pale nikapitia kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia aikate mishikio ya nyuma ya kiti, ile ya kusukumia. Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia shangazi yangu amekufa, hakuna tena wa kuwapiga watu makofi. Akaikata. Eveline alipoona, akaingia ndani. Nadhani alilia, ila alirudi akanipimia wali kwa kikombe na hajaniongezea mpaka leo. Majirani walikuja na huruma yao, wakafika nyuma yangu, wakakosa pa kushika.

Binamu, mwanzoni niliaibika sana. Kutoka nyumbani mpaka kibandani, mahali ambapo wewe ungefika kabla hujamaliza kusonya, mimi napumzika njiani mara nyingi kama treni ya mizigo. Viganja vilitoka malengelenge. Kijana wa hospitali akanifundisha kujiinua kwa mikono kila baada ya muda, makalio yapumue, nisije nikapata vidonda. Najiinua hata katikati ya bei na wateja. Usije ukatangaza huko kwamba nimekuwa mwembamba. Mudathiri amenipima tena, akasema lumbesa imetoka, gunia limebaki. Lakini naingia kitandani mwenyewe, na dawa ya kuchua imekaa dirishani wiki nyingi haijafunguliwa.

Sasa nije kwenye udongo wako. Jumamosi iliyopita ilikuwa Siku ya Marehemu Wote. Nilipanda basi mpaka Mchombe, nikashukia pale pale kwenye mwavuli wa muuza vocha. Njia ilikuwa kavu, udongo umepasuka nyufa za kumeza gurudumu. Fridolin alinipokea, akaja nyuma yangu amefunga mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule. Kwenye mchanga wa mfereji nilikwama. Akasahau, akainama kunisukuma, akapapasa huku na huku, hakuna mishikio. Akasema, “Sasa umejifungia nje, kaka.” Ikanibidi nitoke mwenyewe, kurudi nyuma, kwenda mbele, kurudi nyuma, mpaka nikatoka.

Tulipofika, misa ya makaburini ilikuwa imekwisha, padri ameshaondoka kwenda kijiji kingine. Mishumaa ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Na kaburi, Maximilian, si lile la udongo tena. Limejengwa kwa vigae vyeupe vya pesa ulizotutumia, linang'aa mpaka unafumba macho. Sikuwa nimelifikiria hilo. Njia nzima nilijiona natupa udongo kwenye udongo.

Nilichota tu pale pembeni. Nikalitaja jina lako kwa sauti, yote mawili na la ubatizo, nikatupa. Nikachota tena, nikatupa wangu. Ukatua juu ya vigae, ukakaa hapo kama uchafu. Fridolin, ambaye alikuwa ameshafagia tangu asubuhi, akanyoosha mkono kuchukua ufagio, akanitazama, akauacha.

Sijui kama umefika, binamu. Mtu anayetakiwa kutupa udongo atupe kaburi likiwa wazi. Ule uliopotea sitaurudisha, na nitakwenda nao mpaka siku yangu, siku ambayo naomba wasiniletee ngazi.

Nisalimie shemeji na wanao. Fridolin anakusalimu, anasema uache kumtumia makoti. Eveline anakusalimu, na Mudathiri pia, ingawa hakujui, anasema ndugu wa Lumbesa ni ndugu yake. Mungu akulinde huko kwenye theluji, na mama yako akuombee. Ukija, njoo na mikono yako tu. Hatutakusukuma.

Nilikuwa nataka kuikunja barua hii asubuhi, lakini mvua ya kwanza imeanza kupiga bati na nimekaa mlangoni kuitazama. Fridolin amepiga simu kwamba na Mchombe inanyesha tangu alfajiri. Vigae vitakuwa vimeshaoshwa, na ule udongo umeteremka pembeni, umeingia chini.

Wako akupendaye,
binamu yako Teofili