Vidole vya Mama

Likasi, Jumatatu

Kwako Yaya Théophile, kaka yangu mkubwa,

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini wewe, wifi Tina na watoto mko salama huko Kakanda. Sisi tunapumua. Karatasi ya kwanza niliichana kwa hasira, lakini mama alitulea kusalimiana kabla ya kugombana, basi nimekusalimu.

Nilimtoa mama katika chumba chenu cha maombi amekakamaa, midomo imekufa ganzi, vidole vimekusanyika kama anayeshika tonge la bukari. Wewe, kiongozi wa maombi, ulitangaza mbele ya kanisa zima kwamba mkono ule umeshika nyama ya mtu na unakataa kuiachia. Ukamfungisha bila chakula wala maji. Vidonge alivyopewa baada ya kupasuliwa rovu la shingo ukavimwaga chooni. Vidonge vya mama yako, Yaya!

Sasa nyamaza usikilize, maana kusema umesema vya kutosha. Daktari Laure alinieleza kwamba nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne, vidogo kama punje za mchele. Juu ya seli zake kuna vipokezi vinavyohisi kalsiamu iliyomo kwenye damu. Ikitosha, seli zinatulia. Ikipungua, zinatoa homoni ya kuiambia mifupa itoe akiba yake, na figo zisiipoteze kwenye mkojo. Vitezi vya mama viliharibika katika upasuaji, na hakuna aliyetuambia. Kalsiamu yake ikishuka, neva zinashtuka ovyo na misuli inajikaza yenyewe. Hicho ndicho ulichokuwa unakikemea kwa sauti kubwa! Daktari alimchoma kalsiamu polepole kwenye mshipa, na vidole vikafunguka nikiviangalia. Nililia kwa uchungu.

Ningependa kuishia hapo, nikutukane vizuri nilale. Ila mama hamezi vidonge vipya. Anavificha shavuni, kisha anavitema. Jana nilimfumania, akaniambia, «Uniache, mwanangu. Ni minye njo nilimuuaka baba yenu. Yaya yako alionaka mu mikono yangu.» Baba aliyefukiwa na udongo katika shimo la machimbo, Yaya, wewe ukiwa juu umeshika kamba! Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukulaumu. Wewe umempa mama kifo hicho akibebe, na amekibeba.

Nimemweleza, daktari naye amemweleza. Anasema sisi hatuoni unayoyaona wewe. Nilikuwa nimeapa hutakanyaga mlango wangu tena. Sasa nakuamuru uje. Simama mbele yake kama ulivyosimama kanisani, umwambie ulikosea, umwambie baba alikufaje. Kisha mpe kidonge kwa mkono wako na ungoje ameze. Akiendelea kuvitema, moyo wake unaweza kusimama.

Wifi na watoto uwasalimie sana. Wewe salamu zako utazipata ukifika.

Mdogo wako,
Adrienne