Khanga Uliyotutunza na Kisulisuli cha Busi

Kikuyu,
Dodoma.
9 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Loisi,

Na hapana, Thobias hakuvunjika mguu. Simu ilikatika kabla sijakujibu. Shikamoo, Shangazi. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Njombe? Sisi wazima, na ndoa ni tamu kuliko mlivyonieleza.

Jumamosi Thobias wangu aliruka na parashuti yake ya bluu kutoka mlima ulio juu ya Busi. Mimi nilisimama chini, anapotua, kwenye shamba la mtama lililokwisha kuvunwa. Kazi yangu ni moja tu: nikiona kisulisuli cha vumbi, nipunge khanga nyekundu uliyotutunza harusini, naye akae mbali. Lakini nani amwone mume mzuri vile angani atulie? Kila alipopita nilimpungia. Rafiki yake Abeli akanicheka, "Shemeji, unamfukuza au unamwita chakula?"

Kisulisuli kikaja kweli, kikizoa mabua. Nikapunga hadi bega likauma. Thobias akanipungia mkono, akaendelea kushuka.

Upande wa kushoto wa parashuti ukajikunja kama karatasi, akaanza kuzungushwa kuelekea kwenye miamba. Yeye akauegemeza mwili kulia, upande uliokuwa bado umejaa upepo, akavuta kamba ya breki ya kulia kidogo tu kuzuia mzunguko. Angeivuta sana, alinieleza baadaye, na upande huo nao ungekufa. Kisha akavuta ya kushoto kwa nguvu, akaachia. Kitambaa kikafunguka kwa mlio wa shuka linalokung'utwa. Akatua mbali, kwenye mabua ya alizeti, akichechemea.

Nilipomfikia akasema, "Nilidhani ni mapenzi, mke wangu."

"Mapenzi nusura yakuzike," Abeli akamjibu.

Najua ulitaka nimkataze kuruka. Sitamkataza, Shangazi, anarudi chini akiwa anang'aa. Tumekubaliana tu kwamba khanga inakaa begani, haipungwi ila kwa hatari. Jana aliruka tena. Nilisimama mikono imetulia, moyo wangu uko juu, na khanga haikutikisika.

Nisalimie Mjomba Bartolomayo, Paulina na Dorkasi. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Tutakuja kabla mwezi huu haujaisha, kwa basi. Tukifika stendi nitaipunga khanga ile mpaka nichoke, na hapo itakuwa salamu tu.

Mwanao mwenye furaha, akupendaye sana,
Anitha